Ngolo na Bolti Inayotakiwa Ikatike

Kuna watu wanazaliwa na kovu, wengine wanazaliwa na vidole sita. Ngolo alizaliwa na wasiwasi. Akila ugali anatazama paa. Akioga mferejini anatazama nguo zake, utafikiri zina miguu. Mkewe Mbuke alituambia kwamba siku ya posa, kule kwao Maswa, ng'ombe wa mahari wameshapokelewa, wazee wameshashiba, na bwana mwenyewe bado anauliza pembeni kama kweli wamemkubali au wanamtania.

Mimi ni Mhehe wa Ipogolo, jina langu Kalinga, fundi baiskeli. Nilishuka Usangu kufuata mpunga. Sio kulima, hapana, mgongo wangu na jembe hatujawahi kuelewana. Nilifuata watu wanaouza mpunga, maana mtu akiuza mpunga ananunua baiskeli, na njia za Usangu zinamalizia kazi iliyobaki. Kibanda changu kilikuwa kinatazamana na ghala la kijiji, mwendo mfupi tu kutoka Rujewa, na pembeni ya ghala ndipo Ngolo alipokuwa analaza trekta. Kwa hiyo mchana nilikuwa namwona mimi kuliko mkewe.

Trekta haikuwa yake, ilikuwa ya kijiji. Dereva wa kwanza hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na ndiyo maana trekta ilikaa ndani ya mfereji mpaka wakaletwa maksai kuivuta. Baada ya aibu ile mwenyekiti wetu, Faustin, akasema safari hii anataka dereva mwoga. Watu wote wakageuka kumtazama Ngolo. Kura haikupigwa, alitazamwa tu, ikawa basi.

Nyuma ya ile trekta kulikuwa na mashine ya kufyekea majani. Waliojenga barabara ya lami ya kwenda Zambia walikuwa wanafyekea nayo kandokando ya njia. Walipomaliza wakaiacha Igawa, kijiji kikaiomba. Ukiitazama ni meza ya chuma tu, pana, imekaa chinichini. Visu viko chini ya meza, vinazunguka kama pangaboi. Vinazungushwa na shafti inayotoka kwenye trekta na kuingia kwenye giaboksi iliyokaa juu ya meza. Akina mama waliiita Fisi, kwa sababu alikuwa anakula kila kitu, hachagui, na sauti yake ni mbaya.

Sasa Fisi akigonga kisiki, visu vinasimama ghafla, lakini trekta haina habari, yenyewe inaendelea kuzungusha. Lazima kitu kivunjike hapo. Aliyeiunganisha mashine ile nadhani alikuwa ndugu yake Ngolo kwa wasiwasi, maana aliweka kinga mbili. Ya kwanza ni klachi kwenye shafti: sahani za chuma zimebanwa na springi. Ukigonga kitu, sahani zinateleza, hasira inaishia pale. Ya pili ni bolti moja, pale shafti inaposhikana na giaboksi. Hiyo bolti ni laini kwa makusudi. Ikizidiwa inakatika, unateremka, unaweka nyingine, maisha yanaendelea. Ni kama mlinzi aliyeajiriwa ili apigwe yeye, tajiri apone.

Ngolo alikuwa anazifunga bolti zake laini kwenye kitambaa na kuzitia mfuko wa shati, kama mtu mwingine anavyobeba tumbaku. Na kila masika yakiisha, kabla Fisi hajatoka, alikuwa analegeza springi za klachi, anachora mstari wa mkaa kwenye ukingo wa sahani zote, halafu anazungusha shafti kidogo tu. Mistari ikiachana, klachi imeteleza, vizuri. Isipoachana, kutu imezishika sahani, zimekuwa chuma kimoja. Akimaliza anabana springi tena, na kipimo chake kilikuwa kipande cha bua la mtama alichokikata siku ile mashine ilipofika. Springi ilingane na bua, isizidi, isipungue.

"Na bua likiliwa na mchwa?" nilimuuliza siku moja.

"Nina jingine nyumbani."

"Na mbuzi akiingia nyumbani?"

Nikaona analifikiria kweli. Kesho yake nikakuta bua la tatu limechomekwa kwenye paa la kibanda changu.

Mwaka ninaousimulia ni wa tatu tangu operesheni ya kuhamia vijijini. Ngolo alikwenda Maswa kumzika baba yake, akakawia huko. Fisi alikaa nje masika mazima, mvua yote yake. Kiangazi kilipoanza mwenyekiti akaamua kuendesha mwenyewe, na bolti zikawa zinakatika kama njiti za kiberiti. Akigonga kichuguu, bolti. Akigonga mzizi, bolti. Hatukujua sababu, kumbe klachi ilishashikwa na kutu, haitelezi tena, kila kipigo kinakwenda moja kwa moja kwenye bolti. Vijana wakaanza kumwimbia mwenyekiti. Na Faustin hakupenda kuimbiwa wimbo ambao hakuuagiza yeye. Akapanda baiskeli mpaka Igawa, pale malori ya Zambia yanapopumzika, akarudi na bolti ya lori.

"Kalinga, njoo uone chuma," aliniambia. "Hii imebeba shaba kutoka Ndola. Itashindwa na kisiki cha hapa?"

Akaifunga, na kweli haikukatika. Fisi akafyeka uwanja wa shule kutwa nzima, mwenyekiti juu yake, kifua mbele kama jogoo.

Ngolo alirudi mwishoni mwa kiangazi. Majani ya Usangu yamefika kifuani, yamekauka mpaka ukipita katikati yanalia. Hata hajamaliza kusalimia watu, tukaona moshi upande wa kusini. Mwanzoni ulikuwa mmoja, mwembamba, wa wachungaji wanaochoma ili majani yachipue. Jua lilipopanda, upepo ukapanda nalo, moshi ukawa ukuta.

Kijiji chenyewe kilikuwa nyumba zilizopangwa mstari, zimekaribiana kama askari kwenye paredi, zote za nyasi, na katikati ghala lenye mpunga wetu wote. Nyuma yetu mfereji. Mbele yetu majani mpaka kwenye moshi. Zamani, kabla ya operesheni, Wasukuma waliohamia huku walipokaa mmoja huku mmoja kule, moto ungekula boma la mtu mmoja ukashiba. Sasa tulikuwa tumeuandalia meza. Ukishika nyumba ya kwanza, ya mwisho haiponi. Dawa ilikuwa moja tu: kufyeka ukanda mpana mbele ya nyumba zote, kuanzia mfereji upande huu mpaka mfereji unapopinda upande ule, na kukwangua majani, ili moto ukifika ukose chakula. Kwa panga tusingewahi. Kwa Fisi, labda.

Ngolo alipofika ghalani amekimbia, mwenyekiti ameshawasha trekta, anamngoja yeye tu apande. Ngolo hakupanda. Aliinama nyuma, akachungulia pale kwenye bolti, akarudi mbele akazima injini.

Kijiji kizima kikamgeukia.

"Ngolo, umefanya nini?" Faustin aliuliza, polepole.

"Bolti hii si yake, mwenyekiti."

"Ni bora kuliko yake."

"Ndiyo ubaya wake."

"Moto ule unauona?"

"Nauona."

"Na wewe unatafuta spana."

"Natafuta spana," Ngolo alisema, na alikuwa anaitafuta kweli. "Hii haitakatika. Tukigonga kitu itakatika giaboksi. Bolti ninazo mfukoni. Giaboksi sina."

Watu wakaanza kupiga kelele. Mzee mmoja akasema huyu anataka tufe, ila tufe kwa utaratibu. Watu wawili watatu wakacheka, macho kwenye moshi. Ngolo akalala chini ya shafti. Spana ikamponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena. Mbuke akaja akachuchumaa pembeni yake, akamshikia.

"Baba Roza, una hakika?"

"Hakika sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe."

"Basi fungua."

Bolti ya lori ikatoka. Tukadhani tumemaliza, tukaanza kumsukumia kwenye usukani, kumbe mwenzetu anachukua mkaa. Akaweka bolti laini, akalegeza springi za klachi, akachora mistari yake, akawasha, akazungusha kidogo, akazima. Mistari ilikuwa imenyooka vilevile. Klachi haijatikisika.

"Imekufa," alisema.

Akalegeza zaidi. Akachukua kipande cha mti akagonga sahani kuzunguka, kidogo huku kidogo kule, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya wakwe. Majivu ya majani yalikuwa yameanza kutuangukia mabegani. Akawasha tena. Klachi ikapiga yowe, vumbi jekundu la kutu likatoka, na moshi kidogo. Alipozima, mistari ilikuwa imeachana.

"Twende," Faustin alisema. "Iache hivyohivyo ilivyolegea, twende."

"Ikilegea itateleza kila saa, ichemke kama kaango. Tunaingia kwenye majani makavu, mwenyekiti. Moto wa pili tutauwasha sisi." Alijipapasa mifuko, uso ukambadilika. "Bua nimeliacha Maswa."

Nilikimbia kibandani kwangu. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja, namtukana Ngolo na kumshukuru, nikachomoa lile bua kwenye paa nikampelekea. Akapima springi moja moja, akabana. Mwenyekiti alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Ngolo akakaa kwenye usukani. Akatazama majani, akatuuliza swali ambalo hatukulifikiria.

"Mawe yako wapi?"

Ukanda tuliotaka kuufyeka ulipita kwenye maboma ya zamani. Siku ya kuhamia kijijini wanaume walibeba milango, vihenge, kuku, mpaka mbwa wavivu. Jiwe la kusagia, lile kubwa la chini, hakuna mwanaume aliyeliona kuwa mzigo wake, na hakuna mwanamke aliyeweza kulibeba peke yake. Yakabaki kule. Sasa majani yameyafunika yote. Kisu kikikutana na jiwe kinatoa cheche, na cheche siku ile ndiyo kitu tulichokuwa hatuna haja nacho.

Wanaume tukaanza kubishana. Huyu boma lake lilikuwa kwenye mgunga ule, huyu anasema mgunga upi, huyu anasema ulishakatwa. Akina mama hawakubishana. Mwanamke analijua jiwe lake kama ulimi unavyojua jino bovu.

"Kila mtu akasimame kwenye lake," Mbuke alisema, akajifunga kitenge vizuri.

"Mama Roza, wewe baki," Ngolo alisema.

"Letu ataonyesha nani? Wewe ulisaga lini?"

Wakaingia kwenye majani, wakitembea kuelekea kwenye moshi, mmoja mmoja akisimama pale alipolikanyaga jiwe lake. Ukitazama kutoka ghalani unaona vichwa vyao tu, vimejipanga mpaka kule mwisho. Wa mwisho kabisa, karibu na kona ya mfereji, alikuwa Mbuke.

Fisi akaanza. Ngolo hakuingia kwa kasi. Alizungusha visu polepole nje ya majani, vikachangamka, ndipo akasogea. Mwenyekiti akimwambia kimbia, yeye anatikisa kichwa. Akimfikia mwanamke anamzunguka kwa mbali, anamwambia, "Ahsante mayu, toka sasa," na yule mama anaruka kando anakuja kuungana na sisi nyuma, tunakwangua majani kwa reki na matawi. Kila alipopumzisha injini alishuka akaiwekea klachi kiganja. Ikiwa ya moto sana anangoja ipoe. Sisi tumesimama, moto unatembea, Ngolo anasikiliza chuma kama mganga.

Kwenye boma la zamani la mwenzetu Bujiku klachi ikapiga yowe, halafu tukasikia, tak. Visu vikasimama. Mke wa Bujiku alikuwa amesimama sawasawa kwenye jiwe lake, ila Bujiku hakukumbuka nguzo za zizi lake, na kisiki cha nguzo kilikuwa palepale. Ngolo akashuka, akatoa vipande vya bolti, akapanga matundu, akaweka bolti nyingine akaikaza vizuri isicheze. Giaboksi nzima. Akafungua kile kitambaa akakikung'uta ili mwenyekiti aone. Hakikudondoka kitu. Ile aliyoiweka ndiyo ya mwisho.

Faustin akachukua tawi akatangulia mbele ya trekta, anapapasa majani kwa miguu yake mwenyewe.

Upepo ukageuka kidogo, moshi ukatulalia. Vichwa vya akina mama waliobaki vikapotea. Tuliwapata mmoja mmoja kwa kukohoa kwao. Kisha tukafika mahali ambapo hakuna anayekohoa.

"Mama Roza!" Faustin aliita.

Trekta ilikuwa inanguruma, hata angejibu tusingesikia. Ngolo akisimama, moto unatufikia. Akienda, mbele yake kuna mke wake na chini yake kuna visu. Nilikuwa natembea karibu na gurudumu, nikamwona uso. Ule wasiwasi wake wa kila siku haukuwepo. Kulikuwa na kitu kingine ambacho sikutaka kukitazama. Aliendesha mwendo wa konokono, amesimama kwenye trekta, anatafuta kichwa cha mtu juu ya majani.

Mbuke hakuwa juu. Moshi ulimzidi, akachutama juu ya jiwe lake, pua kwenye udongo ambako hewa ipo, amejifunika kitenge. Faustin ndiye aliyekanyaga kitenge. Akapiga ukelele kama mtoto, akainua tawi. Ngolo akavuta usukani wote upande mmoja, Fisi akaruka pembeni, akapiga nguzo ya zizi la Ngolo mwenyewe. Tak.

Visu vikanyamaza. Kati ya chuma na kitenge ungeweza kulaza ng'ombe mmoja, tena ng'ombe mwembamba.

Mbuke akainuka, macho mekundu, akamtazama mumewe. "Nguzo zako hizo," alisema. "Nilikwambia uzing'oe."

Ngolo akaruka chini, akampangusa majivu kichwani.

Kulikuwa kumebaki kipande, urefu wa nyumba mbili hivi, kutoka pale mpaka mferejini. Moto tulishaanza kuusikia, unapasuapasua kama mtu anakanyaga vibuyu. Faustin akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile bolti ya lori. Hakutamba nayo safari hii. Aliishika kwenye kiganja kama anaomba.

"Hapo tu, Ngolo. Pamebaki kidogo."

Ngolo akaitazama. Akatazama moto. Nilifikiri ataichukua, na ningekuwa mimi ningeichukua. Akainama akatazama chini ya Fisi, kisu kimezama kwenye nguzo, halafu akatazama majani ya mbele, ambamo kuna nguzo zake nyingine ambazo hakumbuki zilipo.

"Giaboksi ikipasuka, trekta inabaki hapa inaungua," alisema. "Panga zipo?"

Panga zilikuwepo. Akachomoa shafti kwanza, akainua Fisi, akaiondoa trekta kuirudisha kwenye ukanda uliokwisha safishwa, ndipo na yeye akashika panga. Tulikata majani kijiji kizima, mwenyekiti, akina mama, mimi na mgongo wangu. Tulikata tukiwa tumeinama, hakuna anayeinua uso, maana ukiinua unaona. Nyusi zangu ziliungulia pale, hazijaota vizuri mpaka leo. Tulipofika mferejini watu wakajitupa majini na panga zao.

Moto ukafika. Ulisimama kwenye ukingo wa ukanda ukatutazama. Ukarusha cheche, tukazipiga kwa matawi yaliyolowa. Ukajaribu kwa Bujiku, ukajaribu katikati, ukalamba ile sehemu ya panga ambayo haikukwanguliwa vizuri, na hapo paa la jiko langu likaondoka, maana cheche moja ilikuwa na akili. Nyumba nyingine zote zilibaki. Ghala likabaki. Moto ukazunguka ukaenda kufia kwenye maji.

Watu wakaanza kuimba. Mwenyekiti safari hii aliimbiwa na hakununa. Giaboksi ile ilifanya kazi mpaka Roza akaolewa, na ile bolti ya lori Faustin aliigeuza kigingi cha kufungia mbuzi, kazi ambayo iliifaa sana.

Lakini jioni ile Ngolo hakuja kuimba. Jua linazama, watu wanakula, yeye anatembea kwenye ukanda pekupeku, anaweka unyayo, ananyanyua, anaweka, anatafuta mahali penye joto. Mbuke akampelekea ugali na mlenda kule kule. Nami nilikuwa sina jiko, nikafuata chakula. Tukala tumesimama. Ngolo anamega tonge huku anatazama majivu nyuma ya bega la mkewe.

"Kula, baba Roza," Mbuke alimwambia. "Moto umekwisha."

"Huku umekwisha."

"Na kule?"

"Ndiyo naangalia."

Mbuke akamtazama kidogo, akajifuta mikono kwenye kitenge chake kilichotoboka kwa cheche. Akavua kandambili zake akaziacha palepale, akaanza kukanyaga upande wa pili.